Mchanga wa Kigamboni, mchicha wa njano na malori mawili ya udongo mwekundu

*Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimehamia Kigamboni katika nyumba niliyoijenga kwa kiinua mgongo, na nyuma ya nyumba nina nafasi ya kama hatua 20 kwa 15, yote mchanga mweupe. Nilipanda mchicha, ukaota vizuri, kisha ukadumaa na kuwa wa njano. Niliweka urea, ukakolea kijani kwa wiki moja halafu ukarudi kule kule. Nikaweka mbolea ya kuku niliyoitoa bandani kwa jirani, miche ikaungua. Nyanya zinanyauka mchana hata kama nimemwagilia asubuhi. Maji yangu ni ya kisima na yana ladha ya chumvi kidogo. Jirani ananishauri ninunue malori mawili ya udongo mwekundu nimwage juu ya mchanga huu. Wengine wanasema ardhi ya pwani ina chumvi, haifai kwa bustani, bora nipande kwenye viroba. Pensheni haitoshi kwa majaribio. Nifanye nini?*

Mwalimu, shikamoo. Nimeusoma mchango wa kila mtu aliyekushauri, na naona kwamba unachouliza hasa ni kama ardhi hiyo inaweza kulimwa mboga bila kukumalizia akiba. Inaweza. Usinunue malori hayo kwa sasa, wala usikimbilie kwenye viroba. Udongo wako haujaharibika. Una upungufu mmoja mkubwa, nao ni kwamba hauwezi kushika kitu unachoupa. Hata hivyo, mambo mawili katika maelezo yako, yaani nyanya zinazonyauka mchana na maji ya kisima yenye ladha ya chumvi, yana visababishi vyake na huenda yasiondoke hata ukiweka samadi ya ng'ombe mia. Hayo yachunguzwe kwanza, kabla pesa haijatoka mfukoni.

Nianze na hili la chumvi ya ardhi, kwa sababu limewakatisha tamaa watu wengi wa pwani. Kuwa karibu na bahari hakuufanyi udongo kuwa wa chumvi. Mchanga ni udongo mwepesi zaidi kusafishwa chumvi, kwa kuwa maji hupita ndani yake kwa urahisi, na mvua za masika za Dar es Salaam, kuanzia Machi hadi Mei, huzamisha sehemu kubwa ya chumvi chini ya mizizi. Ardhi yenye chumvi kweli hujionyesha: utaona ukoko mweupe juu ya ardhi wakati wa kiangazi, na kingo za majani kukauka zikiwa za kahawia. Wewe umeeleza majani ya njano na kudumaa, na hiyo ni dalili tofauti. Ukiona njano imeanzia kwenye majani ya chini, yaani yale ya zamani, mmea una njaa ya naitrojeni na unaihamisha kutoka majani ya zamani kwenda kwenye machipukizi.

Sasa tuone njaa hiyo inatoka wapi, ilhali umeweka mbolea. Chembe za mchanga zina kipenyo cha kati ya milimita 0.05 na milimita 2, wakati chembe za mfinyanzi ni ndogo kuliko milimita 0.002. Tofauti hiyo ina matokeo mawili. Kwanza, nafasi zilizo kati ya chembe za mchanga ni pana mno kuweza kuyazuia maji, kwa hiyo yanashuka mara tu unapomwagilia. Pili, chembe za mfinyanzi na zile za mboji zina chaji hasi juu yake, na chaji hiyo ndiyo inayovuta na kushikilia virutubisho vyenye chaji chanya kama potasiamu, kalsiamu na amoniamu, mpaka mizizi ivifikie. Mchanga mtupu karibu hauna chaji hiyo. Kuutia mbolea ya dukani ukiwa katika hali hiyo ni kumimina maji kwenye pakacha.

Ndiyo maana urea yako ilifanya kazi wiki moja tu. Urea ina naitrojeni asilimia 46, na huyeyuka upesi ikikutana na maji. Ikibaki juu ya ardhi, sehemu yake hugeuka kuwa gesi ya amonia na kupotea hewani. Iliyobaki, bakteria wa udongoni huigeuza kuwa naitreti, ambayo ina chaji hasi, hivyo haishikiki hata kwenye mfinyanzi, na kila ukimwagilia inateremka hatua nyingine chini ya mizizi mifupi ya mchicha. Mboga zako zilipata mlo mmoja mkubwa, kisha zikalala njaa.

Mbolea ya kuku ilikosea kwa upande mwingine. Mbolea mbichi kutoka bandani ina amonia na chumvichumvi nyingi, na katika mchanga hakuna kitu cha kuipunguzia makali, kwa hiyo inaikuta mizizi ya miche ikiwa kali vile vile ilivyotoka kwa kuku. Mbolea yenyewe ni nzuri sana, tena pengine ndiyo bora kuliko zote utakazozipata mtaani kwako. Kilichokosekana ni kuiozesha.

Kuhusu udongo mwekundu, jirani yako hajasema upuuzi, na ningependa tumtendee haki. Udongo huo una mfinyanzi, na mfinyanzi ndio kitu ambacho mchanga hauna. Tatizo lipo kwenye neno "juu". Ukimwaga tabaka la udongo mzito juu ya mchanga, maji hubaki katika tabaka la juu mpaka lilowe kabisa ndipo yapite, mizizi inakaa humo humo bila kushuka, na jua likiwaka uso wa ardhi unaganda na kupasuka. Isitoshe, udongo mwekundu unaouzwa kwa malori mara nyingi ni kifusi kilichochimbwa chini kabisa, kisicho na mboji hata kidogo. Ukiutaka, nunua kidogo, au tafuta udongo wa kichuguu, kwa kuwa mchwa hupandisha mfinyanzi kutoka chini. Uponde, uchekeche, kisha uchanganye debe moja la lita 20 kwa kila mita moja ya mraba, pamoja na mbolea iliyooza, hadi kina cha sentimita 20. Kwa kipimo hicho udongo ulioongeza unakuwa kama sehemu moja ya kumi ya udongo wa juu, na mfinyanzi uliomo hauozi, kwa hiyo faida yake hudumu. Kuhusu udongo mweusi wa mabondeni unaopitishwa na wauzaji, uliza umechimbwa wapi. Mabonde kama la Mto Msimbazi yamepokea maji machafu ya viwanda na ya majumbani kwa miaka mingi, na sitaki madini mazito ya huko yaingie katika chungu chako cha mboga.

Jambo ninalokusihi zaidi ni hili: achana na ile nafasi yote ya hatua 20 kwa 15. Anza na matuta mawili tu, kila moja lenye upana wa mita moja na urefu wa mita tano. Tuta la upana huo unalifikia katikati ukiwa umesimama pembeni, hivyo hulikanyagi. Mbolea iliyotawanywa katika eneo lote haitaonekana imekwenda wapi, lakini mbolea hiyo hiyo ikiwekwa katika mita kumi za mraba itageuza udongo kabisa. Hesabu yake ni nyepesi: debe moja la lita 20 likisambazwa katika mita moja ya mraba linatoa tabaka la sentimita 2. Kwa mchanga kama wako, kwa mara ya kwanza, weka madebe mawili kwa kila mita ya mraba, yaani madebe kumi kwa kila tuta, kisha chimba na uchanganye hadi sentimita 20. Samadi ya ng'ombe iliyokauka na kuoza, mboji uliyoitengeneza mwenyewe, au mbolea ya kuku iliyokwisha kuozeshwa, zote zinafaa, na mchanganyiko wake ni bora zaidi.

Usiyainue matuta hayo. Vitabu vingi vinaonyesha matuta yaliyoinuliwa kwa sababu viliandikwa kwa ajili ya udongo mzito unaotuamisha maji. Katika mchanga, tuta lililoinuka hukauka pande zote. Lishushe kidogo chini ya usawa wa ardhi, sentimita tano hadi kumi, na kingo zake ziwe juu, ili maji ya kumwagilia yabaki ndani. Wapo wanaotandika nailoni chini ya tuta ili kuzuia maji yasipotee. Kwako nisingeshauri, kwa kuwa maji yako yana chumvi na chumvi hiyo inahitaji njia ya kutokea chini. Juu ya tuta weka matandazo ya nyasi kavu, majani ya migomba au mabua, unene wa vidole vinne hivi, bila kuyagusisha na shina la mmea. Nimeona watu wakihangaika na mbolea za bei ghali huku mchanga wao ukiwa wazi mchana kutwa, ukiwaka jua la pwani kiasi cha kushindwa kuukanyaga kwa miguu mitupu. Mizizi midogo nayo haiwezi kuishi katika joto hilo.

Mbolea ya kuku iozeshe hivi. Tengeneza lundo lenye kimo na upana wa mita moja hivi, ukipanga tabaka la mbolea ya kuku na matabaka mawili au matatu ya vitu vikavu: nyasi, majani makavu, mabua yaliyokatwakatwa. Mabaki ya jikoni yaingie katikati ya lundo, hasa machicha ya nazi, ambayo yakiachwa juu yatakuletea panya na sisimizi. Nyunyizia maji mpaka konzi moja ukiiminya kwa nguvu itoe tone moja au mawili, basi. Chomeka fimbo katikati ya lundo. Baada ya siku tatu au nne ichomoe na uishike ile ncha iliyokuwa ndani. Ikikuunguza mkono, vijidudu wanafanya kazi, na joto hilo ndilo linaloua mbegu za magugu na vimelea vingi. Ikiwa ya baridi, lundo limekauka, limelowa kupita kiasi, au limepungukiwa na mbolea. Lipindue kila baada ya wiki mbili. Kwa joto la Dar es Salaam, katika miezi miwili hadi mitatu litakuwa limepoa, limekuwa jeusi na linanuka udongo wa mvua badala ya banda. Likiendelea kunuka amonia, halijawa tayari.

Angalizo kuhusu vumbi la mbao na maranda, ambavyo mafundi seremala huvitoa bure: visichanganywe vikiwa vibichi katika udongo. Bakteria wanaoviozesha wanahitaji naitrojeni, na wasipoipata katika maranda wataichukua udongoni, na mchicha wako utakuwa wa njano kuliko hapo awali. Viache vitandikwe juu, au viingie kwenye lundo pamoja na mbolea ya kuku.

Kwa kuwa nyumba ni mpya, kagua pia mahali mafundi walipokorogea zege na kutupa mabaki ya saruji na chokaa. Chukua konzi ya udongo mkavu wa hapo na uudondoshee siki. Ukitoa mapovu, una chokaa nyingi, na pH ya udongo (kipimo cha uchachu, ambacho hupanda uchachu unapopungua) iko juu kiasi kwamba mimea haiwezi kuyapata madini ya chuma hata kama yapo. Njano ya hapo hutofautiana na ile ya njaa ya naitrojeni: huanzia kwenye majani machanga, na mishipa ya jani hubaki ya kijani. Mchanga wenye vipande vya matumbawe na makombe huweza kutoa mapovu vile vile. Mahali hapo usipaguse kwa bustani, panda ua au weka kamba ya kuanikia nguo. Na majivu ya jikoni, ambayo kila mtu huyasifia, usiyamwage katika bustani yenye hali hiyo, kwa sababu nayo hupandisha pH.

Tuje kwenye nyanya. Mmea unaonyauka saa saba mchana na kuamka jioni, wakati ardhi ina unyevu, mara nyingi una tatizo kwenye mizizi au kwenye shina. Ng'oa mmoja kwa uangalifu, kwa kuchimba pembeni badala ya kuuvuta, kisha uoshe mizizi ndani ya ndoo. Mizizi ikiwa na vinundu, imevimba kama shanga zilizotungwa, hao ni minyoo fundo, viumbe wasioonekana kwa macho ambao hupenda sana udongo wa kichanga. Usiwachanganye na vinundu vya kunde au maharage, ambavyo ni vya bakteria wenye faida: vile hubanduka kirahisi kwa ukucha na ndani ni vya rangi ya waridi, ilhali hivi vya minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, haviwezi kubanduliwa. Kama mizizi ni safi, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kitumbukize ncha katika glasi ya maji meupe na ukitazame kwa dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye kipande hicho, ni mnyauko bakteria, ambao hauna dawa. Ng'oa mmea pamoja na mizizi, uchome, na usipande nyanya, bilinganya, pilipili, hoho wala viazi mviringo mahali hapo kwa misimu kadhaa.

Kwa minyoo fundo kuna tumaini zaidi. Mboji hupunguza makali yao, kwa kuwa hulea viumbe wanaowala na huupa mmea nguvu ya kuvumilia. Lililo bora zaidi ni kuotesha marejea, ile jamii ya mikunde yenye maua ya njano ambayo Wabenediktini wa Peramiho, mkoani Ruvuma, waliieneza kwa wakulima. Marejea huzuia minyoo fundo kuzaliana katika mizizi yake, huongeza naitrojeni, na ukiikata inapoanza kutoa maua na kuifukia, inakuwa mbolea ya kijani. Ipande wakati wa masika katika sehemu ile ambayo bado hujaigeuza kuwa matuta. Itakuwa inakuandalia ardhi bila gharama nyingine zaidi ya mbegu. Kunde nazo huongeza naitrojeni na utakula majani yake, lakini aina nyingi hushambuliwa na minyoo hao hao, kwa hiyo usizipande ulikoona vinundu.

Maji ya kisima ndiyo sehemu ambayo siwezi kuikisia kutoka hapa, kwani ulimi hauwezi kupima. Maabara hupima kwa kuangalia jinsi maji yanavyopitisha umeme. Majibu huandikwa kwa desisiemens kwa mita (dS/m), na namba ikiwa kubwa, chumvi ni nyingi. Chini ya dS/m 0.7, mwagilia bila wasiwasi. Kati ya 0.7 na 3 unaweza kulima ukichagua mboga. Ikizidi 3, kisima hicho hakifai kuwa tegemeo la bustani. Maharage, vitunguu na karoti ni wepesi kuathirika. Spinachi huvumilia vizuri, na mchicha nao si haba. Kwa vyovyote vile, vuna maji ya mvua kutoka kwenye bati uyatunze kwa ajili ya miche, mwagilia kwenye udongo bila kulowesha majani, na mara moja moja mwagilia kwa wingi zaidi ya kawaida ili chumvi isukumwe chini.

Viroba si wazo baya kwa mtu mwenye ua wa sakafu. Kwako vingekuwa mzigo: kiroba hukauka kila siku, kinahitaji udongo mzuri ule ule unaoukosa, na kikimwagiliwa kwa maji ya chumvi, chumvi hurundikana ndani yake upesi kuliko ardhini. Nisingekukataza kuwa navyo vichache karibu na jiko kwa ajili ya giligilani na pilipili.

Matuta yakishakuwa tayari, hata urea haina haja ya kutupwa. Kizibo kimoja cha soda hubeba takriban gramu 5. Kiyeyushe katika keni ya lita 10, umwagilie mita mbili za mraba, kisha suuza majani kwa maji matupu. Rudia kila baada ya siku kumi hadi kumi na nne, na uache kabisa siku ambazo mvua kubwa inatarajiwa. Lazima nikwambie pia kwamba mboji katika joto letu haidumu. Huoza na kwisha, kwa hiyo kila msimu utaongeza nusu debe hadi debe moja kwa kila mita ya mraba, na utaendelea hivyo miaka yote. Msimu wa kwanza tarajia mchicha na matembele ya kuridhisha. Nyanya nzuri zisubiri msimu wa pili au wa tatu.

Msaada wa ana kwa ana utafute ukiona mambo matatu: vinundu kwenye mizizi, ule uzi mweupe katika glasi, au kingo za majani zinazoungua ingawa hujaweka mbolea. Anza na afisa ugani wa kata yako, ambaye ni mtumishi wa umma na kazi yake ni kuja kukuona. Vipimo vya udongo hufanyika katika maabara ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na katika kituo cha Mlingano, Tanga, cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI). Chukua udongo sehemu kumi hadi kumi na tano kwa kwenda kizigizagi, kina cha sentimita 20, uchanganye katika ndoo safi ya plastiki, uanike kivulini, kisha upeleke kama kilo moja ikiwa na jina na tarehe, pamoja na chupa ya maji ya kisima. Omba wapime pH, chumvi, kaboni ya mboji, fosforasi na potasiamu. Majibu yatakuja na ushauri wa mbolea kwa kilo kwa hekta, kwa hiyo yageuze kabla ya kwenda dukani: kilo 100 kwa hekta ni gramu 10 tu kwa mita moja ya mraba, yaani vizibo viwili vya soda.